Kijani cha Handeni, Kijani cha Korogwe

Nilifika Korogwe wanaume wakiwa wanarudi kutoka makaburini, maana basi la kutoka Handeni lilituharibikia njiani na tukakaa juani tukisubiri jingine. Kwa hiyo Mzee Mhina nilimuaga kwenye picha ya simu. Tulikuwa wanawake tumejaa mkekani sebuleni kwake, na simu zinapita mkono kwa mkono, kila simu ina picha ile ile ya marehemu aliyotumiwa kila mtu asubuhi: amevaa kofia, kidevu kimeinuka kidogo, macho hayatazami kamera. Mjukuu wake mmoja, binti wa chuo, akamwambia jirani, "Bibi, simu yako imemfanya babu mweusi mno, tazama hii yangu." Yule bibi akajibu, "Babu yako alikuwa mweusi, wewe umemjua mvi zimeshampendezesha." Mwingine akainua ya kwake akasema kwenye simu hii mzee kama kapakwa hina usoni. Wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachokatika katikati. Nikaweka zote tatu mkekani mbele yangu. Mtu mmoja, picha moja, nyuso tatu. Nikajikuta nalia kwa sauti, na wenzangu wakadhani ni kwa ajili ya kifo peke yake.

Huwa naandika mambo ya siku zangu kwenye madaftari tangu nikiwa msichana, na sina hakika kama yanamfaa mtu. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Lakini mwaka ule niliofanya kazi studio kwa Mzee Mhina nimetaka kuuandika vizuri, pole pole, nisimwonee mtu. Ya kwetu Magoma nayaacha. Kila nyumba ina yake na ya kwetu hayana la ajabu. Naanzia pale nilipoingia mlango wa studio, mtaa wa Manundu, nikiwa na begi langu la nguo, na Mama Halima, mke wa mzee, akanitazama toka juu hadi chini akasema, "Sauda, umekula?"

Studio ilikuwa vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa. Mbele duka, na kioo cha kutazamia nywele. Katikati chumba cha kupigia picha, ukuta wake umechorwa maporomoko ya maji na ngazi ndefu isiyofika popote, na wateja walipenda kusimama wameshika ukingo wa ngazi ile kama wanaotaka kupanda. Nyuma kabisa kile kilichokuwa chumba cha giza, ambacho mwaka ule kilikuwa kimetobolewa dirisha na kuwekewa kompyuta, lakini harufu ya dawa za kusafishia picha ilikuwa imeshaingia kwenye kuta, na siku za mvua ilitoka upya. Nyuma ya hapo ni uani, na uani ni Mama Halima na jiko lake. Mchana tulikula sinia moja, bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, siku nyingine samaki mkavu aliyechomwa kwanza ndipo akatiwa nazi. Mzee alikula kimya mpaka katikati ya sinia, halafu ndipo alipoanza kuuliza: yule mama wa asubuhi alicheka au hakucheka? Yule kijana wa pasipoti alifunga kifungo cha juu? Alitaka kujua kila uso ulikwendaje. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilikuwa na madoa ya dawa za zamani ambayo hayakutoka hata kidogo.

Ulikuwa mwaka alioachana na kamera za filamu. Alisita sana, na aliyemsukuma ni Rama, mtoto wa kaka yake, aliyeendesha tawi letu dogo la Handeni. Rama alikulia Dar es Salaam na aliongea kama mtu anayekimbilia kitu. "Baba mdogo, dunia imeshahama," alisema, "sisi tumebaki tunafagia uwanja." Watu walimwona Rama mwenye maneno mengi, na ni kweli alikuwa nayo, lakini nataka niandike hapa kwamba katika mambo ninayoyasimulia yeye ndiye aliyekuwa sahihi mara nyingi kuliko sisi wote. Mzee alinunua kamera mbili za dijitali, za aina moja, zilizokwisha tumika, kwa mtu mmoja Tanga. Moja akampa Rama, moja akabaki nayo. Zilifanana kama pacha, hata mikwaruzo. Mzee alifunga uzi mwekundu kwenye mkanda wa ya kwake ili zisichanganyike.

Harusi iliyotuletea maneno ilikuwa Handeni, mahindi yakiwa yameshavunwa na watu wana nafasi. Kwa asiyejua, niseme kidogo kuhusu sare. Mama wa bibi harusi huchagua kitenge, na wanawake wa pande zote mbili hushona kutoka jora moja. Si suala la kupendeza tu. Ukipewa kitambaa cha jora jingine, hata kama kinafanana, umeambiwa bila kuambiwa kwamba wewe ni wa pembeni. Safari ile jora lilikuwa la kijani, kijani cha jani la mgomba linalofunguka, na mimi nilikuwepo, nililiona kwa macho yangu: pande zote mbili walivaa kitu kimoja. Kazi tuligawana. Rama alipiga upande wa bibi harusi, Mzee akapiga upande wa bwana harusi. Tukapeleka picha zikasafishwe Tanga, tukabandika albamu, tukaituma.

Muda si mrefu wakaja studio wanawake watatu kutoka Handeni, mbele yao Bi Mwanaidi, shangazi wa bwana harusi, mtu mnene, mwenye haraka, amebeba albamu kwapani na mfuko wa plastiki mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mwenye studio yuko wapi?"

Mzee akatoka nyuma ya pazia. Wakasalimiana kwa Kizigua, kirefu, habari za nyumbani na za mashamba, mpaka nikadhani wamekuja kwa mema. Halafu Bi Mwanaidi akaweka albamu juu ya meza.

"Mzee Mhina, nimekuja kwa amani. Lakini nimekuja na kitambaa." Akatoa kwenye mfuko kipande cha kile kitenge, akakilaza juu ya picha. "Tazama. Mama wa bibi harusi na dada zake, hawa hapa, kijani. Sawa. Sasa funua. Sisi hawa. Tumekuwa rangi ya mboga iliyolala."

"Iliyolala halafu ikapashwa moto," mwenzake mmoja akasema.

"Nyamaza wewe, naongea. Mzee, ndugu zetu wa Dar hawakuja harusini. Wameona albamu. Wananipigia simu: shangazi, mlipewa jora la masalia nanyi mkavaa? Nikawajibu hapana. Wanasema picha haidanganyi. Na mama wa bibi harusi naye amesikia tunamsema, hata haniamkii. Watoto wenyewe ndoa haijatulia, bwana harusi anamuuliza mkewe, kwa nini mama yako alitudharau? Kwa ajili ya picha yako!"

Na tuseme haki: zilikuwa vile alivyosema. Hata nyuso. Upande wa bwana harusi wote walikuwa wamefifia, ngozi imekuwa na kijivu, kama watu waliotoka kuumwa. Mwanamke wa tatu, aliyekuwa hajasema, alinyoosha kidole kwenye picha yake mwenyewe akasema taratibu, "Mimi nimeulizwa kama natumia dawa." Hakuna aliyecheka.

Mzee alichukua kitambaa na albamu akatoka navyo mlangoni, kwenye jua. Alikaa huko muda mrefu, akisogeza kitambaa, akikirudisha. Aliporudi alisema, "Kitambaa ni hiki cha picha za Rama. Nyie mmesema kweli. Kosa liko kwangu, bado sijajua liko wapi." Mama Halima akawaletea chai ya tangawizi na mihogo, na Bi Mwanaidi alikula huku bado amekasirika.

Aliyepata mwanzo wa jambo ni Rama, kwa simu, na sitamnyang'anya. Alimwambia mzee afungue menyu ya kamera, ashuke mpaka sehemu ya rangi. "Ya kwangu imeandikwa sRGB. Ya kwako?" Mzee akanipa mimi nisome. Ya kwetu ilikuwa imeandikwa neno jingine, refu. "Basi noma iko hapo," Rama akasema. Yule mtu wa Tanga aliyetuuzia alikuwa ameiweka hivyo, wala si kwa ubaya. Wako wapiga picha wanaoitaka hivyo. Mzee nami tukaenda Tanga kwenye duka la kusafishia picha. Jamaa wa mashine alikuwa anakula mihogo ya kukaanga na pilipili, akatusikiliza huku anatafuna, kisha akatueleza kitu ambacho sijakisahau. Alisema kamera haihifadhi rangi, inahifadhi hesabu. Ya Rama inapima rangi kwa kopo. Ya mzee inapima kwa debe, maana debe linachukua rangi nyingi zaidi, kijani hasa. "Sasa mzee kamera yako inaandika: kijani tatu. Maana yake debe tatu. Mashine yangu inajua kopo tu. Inaona tatu, inamimina kopo tatu. Picha inakuwa na njaa." Mzee alicheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka vile. Jamaa akatuonyesha namna ya kugeuza zile picha kwenye kompyuta, debe zihesabiwe upya kuwa makopo kabla ya kuchapwa, na kijani kikarudi mbele ya macho yetu kama mtu aliyemwagiwa maji usoni.

Albamu ikachapwa upya. Tuliipeleka Handeni wenyewe, na Bi Mwanaidi akaifungua mbele ya mama wa bibi harusi, akailaza sawa na kitambaa, akasema, "Haya. Jora moja." Yule mama akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo." Bi Mwanaidi akasema, "Ulisema kwa kununa." Lakini walikuwa tayari wamekaa karibu. Tulipewa kuku na maboga tukarudi navyo Korogwe, na jioni ile Mama Halima akapika pilau, na Mzee alisimulia habari ya debe na kopo kwa kila aliyepita, mpaka muuza mkaa.

Mara nyingi nimejiuliza kama furaha ile ndiyo iliyotuponza. Sijui. Nafikiri kama tusingepata jibu siku ile tungeendelea kutafuta. Lakini tulipata jibu, tena la kweli, na jibu la kweli ni vigumu kulitilia shaka.

Kwa sababu baadaye, mvua zikiwa zimekaribia, picha zilianza tena. Safari hii si kufifia. Zilikuwa za buluu. Tulipiga watoto wa shule moja upande wa Mpale, na mwalimu aliporudishiwa picha akasema watoto wake wanaonekana kama walionyeshewa wakaachwa nje. Mashati meupe yalikuwa na buluu, meno yalikuwa na buluu. Nikaangalia menyu ya kamera: sRGB, ile ya kopo. Nikaangalia tena. Mzee alikuwa na jibu tayari. "Ni debe na kopo. Kompyuta nayo ina kipimo chake. Kioo nacho kina chake. Umesahau alivyosema yule bwana?" Na ni kweli, yule bwana alisema hivyo, kila chombo kina kipimo chake. Mzee akabadilisha kioo cha kompyuta. Akabadilishana kamera na Rama. Akahamisha meza mbali na dirisha. Kila picha aliirekebisha mwenyewe, kwa mkono wake, hakutuachia, akikaa karibu sana na kioo, na kila picha ilitoka ya buluu.

Mambo mengine yalikuwa yanatokea pale nyumbani na hayakuonekana kuhusiana na rangi. Alianza kukata watu picha. Msimamizi wa bibi harusi mmoja alitokea nusu, bega na sikio, na alikuwa amesimama wazi kabisa. Aligonga fremu ya mlango kwa bega, mlango aliopita miaka yote. Siku moja tukila, mkono wake ulipita pembeni ya bakuli la mchuzi mara mbili, na Mama Halima akalisogeza kimya kimya mpaka likaguswa na vidole. Nilikuwa chumba cha nyuma nikawasikia uani:

"Baba Halima, nenda ukapimwe macho."

"Macho yangu ndiyo yamekulisha."

"Sijasema hayakunilisha. Nasema nenda."

"Bakuli unaliweka pembeni, halafu unasema macho. Mimi nasoma gazeti bila miwani, wewe unasoma?"

"Mimi sisomi hata nikiwa na miwani."

Wakacheka wote wawili, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni kweli alisoma gazeti bila miwani. Katikati alikuwa anaona. Mimi pia nilimwambia, kwa heshima, kwamba labda apumzishe macho, akanijibu, "Sauda mwanangu, hii ni rangi tu. Rangi ina ufumbuzi. Tumeshaupata mara moja." Alikuwa na ushahidi. Nilikuwepo alipoupata.

Rama alikuja Korogwe siku moja kuchukua karatasi za picha, akazikuta zile za buluu zimerudishwa na wateja, zimerundikwa kwenye sanduku. Akachukua kamera, akamwita Mama Halima aje asimame penye mwanga mzuri wa mlango, vile vile alivyo, na mtandio wake mweupe kichwani. Akampiga picha moja. Halafu akaiweka kwenye kompyuta akanakili mara tatu. Moja akarekebisha yeye. Moja nikarekebisha mimi. Moja akamwambia baba yake mdogo airekebishe, kila mmoja peke yake, wengine wametoka nje. Tulikuwa tumeshanunua mashine ndogo ya kuchapia ya pale pale dukani, basi zikatoka, tukazilaza mezani. Ya Rama na ya kwangu zilifanana karibu sawa. Ya mzee ilikuwa na buluu mpaka kwenye nyusi.

"Mzee," Rama akasema, "ipi ndiyo yenyewe?"

Mzee akainama, akazisogeza moja moja mbele ya jicho lake. Akaziweka ya Rama na ya kwangu upande mmoja. "Hizi mmemvisha mtandio wa manjano," akasema. Akaigonga ya kwake kwa kidole. "Huu ndio mweupe."

Mama Halima alikuwa amesimama nyuma yetu. Akauvua mtandio, akaulaza juu ya meza kando ya picha, vile vile alivyofanya Bi Mwanaidi na kitenge chake. "Baba Halima, mtandio wangu huu hapa. Nimeufua leo asubuhi kwa mkono wangu."

Mzee akautazama. Akaushika, akaenda nao mlangoni, kwenye jua, kama alivyokwenda na kitambaa cha kijani. Tulimtazama mgongo wake. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa jina lake akakosa la kujibu.

"Huu nao," akasema, "ni wa manjano."

Rama akasema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Baba mdogo, siyo mashine." Halafu akatoka nje akasimama barabarani, amewapa watu mgongo.

Hospitali ya pale Korogwe walimtazama wakampa barua ya kwenda hospitali kubwa, na huko nilikwenda naye mimi, kwa kuwa Mama Halima alikuwa na mama yake mgonjwa. Daktari alikuwa dada mpole. Alieleza mara mbili ili nami nielewe. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na huyo alikuwa na umanjano, ndiyo maana mzee alikuwa anaongeza buluu; alikuwa anarekebisha jicho lake kwenye picha za watu. Huyo anatolewa, akasema, na rangi itarudi. Lakini nyuma ya huyo kulikuwa na presha ya jicho, na presha ilikuwa imeshakula mishipa kuanzia pembeni kuja katikati. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki ni kama kutazama kupitia bomba, na bomba litaendelea kuwa jembamba hata kwa dawa, ila dawa italichelewesha. Mzee akauliza, kama angekuja mapema, je, ingesaidia? Daktari akasema, "Labda. Siwezi kukuambia uongo, mzee, wala siwezi kukuapia." Ninamheshimu dada yule mpaka leo kwa jibu lile, ingawa siku ile nililichukia.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naandika hivi bila kuwa na hakika kama nimeelewa vizuri, kwamba lile la debe na kopo lilikuwa kweli na lilikuwa limelifunika jingine. Tulifikiri kosa likishapatikana limekwisha. Hatukuwaza kwamba makosa mawili yanaweza kukaa nyumba moja, na lile la kwanza likatoka mlangoni kupokea wageni.

Wakamtoa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa tulikuwa tumerudi nyumbani, na jambo la kwanza alilotaka ni kuingia studio. Akasimama chumba cha katikati, akatazama yale maporomoko ya maji ukutani kipande kimoja kimoja, kwa kugeuza kichwa kizima, maana ndivyo alivyoona sasa. "Kumbe tuliyachora buluu namna hii," akasema. Akafurahi kama mtoto. Akaangalia mbingu dirishani, akaangalia beseni la plastiki, akaangalia kalamu. Halafu akafika dukani, kwenye ukuta tulikobandika picha za sampuli, zile nzuri alizozichagua mwenyewe miezi ile yote. Akaenda karibu. Akapita kwenye moja, akapita kwenye nyingine, polepole, ile duara yake ndogo ya kuona ikitembea juu ya nyuso za watu. Watoto wa Mpale. Bibi harusi wa Magoma. Mzee mmoja wa Ngombezi aliyestaafu kiwandani kwenye mkonge, amevaa suti aliyoazima.

"Hawa wote," akasema, "nimewapaka mimi?"

Mama Halima alikuwa ameshika mlango.

"Na hamkuniambia?"

"Tulikuambia," Mama Halima akasema.

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki hata pale. "Ndiyo," akasema. "Mliniambia."

Akaanza kuzibandua mwenyewe, na baadhi hakuzifikia kwa kuwa hakuziona zilipo, akawa anapapasa ukuta, nami nikamwongoza mkono. Wateja wengine walikuja baadaye tukawachapia upya bila malipo. Wengine hawakuja kabisa. Nadhani ziko picha za buluu mpaka leo kwenye kuta za nyumba za watu huko Mpale, na watoto waliomo sasa ni watu wazima, na wanawaambia watoto wao kwamba zamani picha zilikuwa hivyo.

Studio aliiacha mikononi mwa Rama kabla mwaka haujaisha, nami nikapelekwa Handeni kuendesha tawi, ndipo nilipokaa mpaka leo. Lakini kabla sijaondoka kulikuwa na majuma kadhaa ambayo sina la kuyafanyia zaidi ya kuyaandika. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri Mzee alitoa kiti uani, akakiweka kwenye mwanga, akamwita mkewe. Mara ya kwanza Mama Halima alidhani anataka maji.

"Kaa hapo," akamwambia.

"Nina mboga jikoni."

"Mboga itasubiri. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda mbele yake, mikono ina unga. Mzee akamtazama. Akatazama tu. Mama Halima akaona aibu, akavuta kanga yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mumewe.

"Unanitazama nini, mzee mzima, kama mtu wa pasipoti?"

"Nimepiga picha watu wa wilaya mbili," akasema. "Nilikuwa nakuona kila siku, nikaona hakuna haraka."

Mimi nilikuwa naosha sinia kwenye karo, nikaacha maji yatiririke ili nisiwe nasikia, lakini nilisikia. Mzee alikuwa anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, kama anayepoteza kitu na kukipata na kukipoteza. Ndipo Mama Halima akaelewa. Akainuka kidogo, akakisogeza kigoda, akakaa. Akakisogeza tena. Alikuwa anamtazama macho, anatafuta pale ambapo yangetulia.

"Hapa?" akauliza.

"Bado."

Akasogea tena, kidogo sana, upana wa kiganja.

"Hapa?"

Kichwa cha mzee kikaacha kutembea.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usitikisike."